Marufuku Bila Daftari: Silaha za Masisi na Walikale

Januari 1993 mataifa 130 yalitia saini mjini Paris mkataba unaopiga marufuku kutengeneza, kuhifadhi na kutumia silaha za kemikali. Zaire, yaani Kongo ya leo, ilikuwa mojawapo. Miezi miwili baadaye, tarehe 20 Machi, wanamgambo walivamia soko la Ntoto, kijiji cha Kivu Kaskazini kilichoko mahali Walikale inapopakana na Masisi, wakaua raia wa jamii ya Kihutu waliokuja kuuza na kununua. Walitumia mapanga na bunduki. Kisasi kikazaa kisasi, vijiji vya Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Watutsi vikaungua kwa zamu, na tangu mwaka ule Masisi haijaonja hata miaka kumi mfululizo ya amani.

Mtu wa Nyabiondo au wa Pinga akiambiwa habari za mkataba wa Paris ana haki ya kusema haumhusu. Kilichomfukuza shambani kwake mara kwa mara ni Kalashnikov, bomu la mota na, siku hizi, ndege isiyo na rubani. Hata hivyo nataka kuutumia mkataba huo kuipima sera ya ulinzi ya nchi yetu. Ni marufuku ya silaha iliyofanikiwa kuliko nyingi ambazo dunia imewahi kuandika, na mambo yaliyoifanikisha ndiyo hasa yanayokosekana kwenye njia itokayo Sake kwenda Walikale.

Haikufanikiwa mara ya kwanza. Mwaka 1899 mataifa ya Ulaya yalikubaliana The Hague kutorusha makombora ya gesi ya sumu. Aprili 1915 Wajerumani wakafungulia mitungi ya klorini karibu na Ypres, Ubelgiji. Mwaka 1925 ikaandikwa itifaki ya Geneva, na Italia ikaikubali. Miaka kama kumi baadaye ndege za Mussolini zikawamwagia Waethiopia gesi ya haradali, askari na wachungaji pamoja. Haile Selassie alikwenda mwenyewe Geneva mwaka 1936 kulalamika mbele ya Shirika la Mataifa, akarudi mikono mitupu. Itifaki ile ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilikataza kutumia gesi, lakini haikumkataza mtu kuwa nayo ghalani, wala haikumpa yeyote mamlaka ya kwenda kufungua ghala hilo na kutazama.

Mkataba wa 1993, ulioanza kazi tarehe 29 Aprili 1997, ulikuja kwa mlango mwingine. Kila mwanachama alitakiwa kutaja alicho nacho: aina gani, uzito gani, kiko wapi. Wakaguzi wakaja, wakapima, wakatia lakiri, wakasimama pale pale silaha zikiteketezwa. Mfano ninaoupenda ni wa Albania, nchi maskini ya Ulaya. Utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha ulipokwisha, warithi wake waligundua mlimani handaki lenye tani kama 16 za sumu, nyingi yake ikiwa gesi ya haradali. Wangeweza kunyamaza. Walitangaza walichokikuta, wakaomba msaada, na mwaka 2007 Albania ikawa nchi ya kwanza kumaliza kuteketeza akiba yake yote. Marekani, iliyokuwa ya mwisho kati ya nchi zilizotangaza akiba, ilimaliza Julai 2023. Zaidi ya tani 72,000 zilizoandikwa kwenye madaftari zimekwisha. Syria ilidanganya, na Marekani imeituhumu Sudan kwa kutumia gesi katika vita vyake vya sasa. Lakini anayedanganya leo hulinganishwa na maandishi yake mwenyewe, na hapo ndipo uongo hubainika.

Kuna kipengele kingine cha mkataba huu ambacho watu wa makambi yetu wanakishika mikononi kila siku. Kipindupindu kinapoingia, pale bombani husimama mfanyakazi mwenye ndoo ndogo na sindano isiyo na ncha. Mama akishajaza bidoni yake ya lita 20, mfanyakazi huvuta dawa kidogo, huitia ndani ya bidoni na kumwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Dawa ile ni klorini, ile ile iliyoua Ypres. Mkataba haukuipiga marufuku klorini. Isingewezekana, na watoto wengi zaidi wangekufa. Uliyapiga marufuku makusudi ya kuifanya silaha, na kwa kemikali ulizoziorodhesha ukaweka wakaguzi wa kufuatilia nani anazo, kiasi gani, na kwa kazi gani. Bunduki nayo tuitazame hivyo. Mikononi mwa polisi anayelinda soko la Mubi, mwenye mshahara, mkubwa wake na namba ya silaha iliyoandikwa mahali, ni ulinzi. Bunduki hiyo hiyo, ya kiwanda kile kile, ikiwa kwenye bariera ya njia ya Kitshanga mikononi mwa kijana asiyejulikana anaripoti kwa nani, inageuka kuwa njaa ya watu wanaopita hapo.

Kongo ilithibitisha mkataba wa kemikali mwaka 2005. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa haikuwa na cha kuteketeza. Marufuku iliyotugusa kweli ilikuwa nyingine. Julai 2003 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1493, lilikataza kupeleka silaha kwa makundi yote yanayopigana Kivu na Ituri. Machi 2008, kwa azimio namba 1807, serikali ikatolewa kwenye katazo hilo: inaweza kununua silaha, mradi nchi inayoiuzia iitaarifu kwanza kamati ya Umoja wa Mataifa. Huo ndio ulikuwa mzigo wote wa Kinshasa, taarifa. Lakini waasi wa M23 walipochukua mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022 wakiwa na silaha za jeshi la kisasa, taarifa hiyo ilianza kuonekana kama kamba miguuni mwa anayeshambuliwa. Serikali ililalamika kila mahali, na tarehe 20 Desemba 2022 azimio namba 2667 likaifuta. Watu walifurahi Goma, nami naielewa furaha ile. Nchi inayovamiwa ina haki ya kujilinda bila kuomba ruhusa.

Ila tuangalie kilichofutwa. Taarifa zile zilikuwa karibu orodha pekee ya silaha za Kongo iliyokuwa ikitunzwa na mtu asiyekuwa na faida katika kuificha. Ilipoondoka tulipaswa kuweka yetu badala yake. Wakati huo huo sera ya ulinzi ilikuwa inaelekea upande wa pili.

Mei 2022, kabla Bunagana haijaanguka, viongozi wa makundi kadhaa walikutana Pinga, huko Walikale: APCLS ya Janvier Karairi, NDC-R ya Guidon Shimiray, CMC-FDP na wengine. Waliahidiana kuacha kupigana wao kwa wao na kuwakabili M23 pamoja. Shirika la Human Rights Watch liliandika baadaye kwamba kanali wa jeshi la taifa alikuwapo kwenye mkutano huo. Novemba mwaka ule Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiunge kulinda vijiji vyao, na mwaka 2023 ikatoka sheria ya kuunda jeshi la akiba la ulinzi. Jina la Wazalendo, walilopewa wapiganaji hao, likaenea toka Lukweti mpaka Goma.

Siko tayari kuwatukana Wazalendo. Wengi wao ni watoto wa hapa, waliokuta shamba la baba limechukuliwa na dada amekimbilia kambini, na katika vilima vya Sake walikufa bila mshahara, bila kofia ya chuma, mara nyingine bila hata chakula cha siku. Ninachokisema kinaihusu dola iliyowapa risasi na kuwapa jina. Guidon yuko kwenye orodha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu Februari 2018, na mwaka 2019 mamlaka za Kongo yenyewe zilitoa hati ya kumkamata. Kundi lake lilizaliwa kutoka lile la Ntabo Ntaberi Sheka, ambalo kati ya Julai na Agosti 2010 lilishiriki kubaka mamia ya wanawake, wanaume na watoto katika vijiji vya njia ya Luvungi, hapo hapo Walikale. Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha Goma mwaka 2020. Silaha za kundi alilolianzisha hazikuhukumiwa. Zilibaki msituni, zikabadilisha mabwana.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofuatilia NDC-R walieleza jinsi lilivyoendesha maeneo yake. Kila mtu mzima alilipa faranga 1,000 kwa mwezi na kupewa jetoni, kikaratasi cha kuonyesha barierani. Asiyekuwa nacho alikamatwa, akapigwa, akalazimishwa kufanya kazi. Kwingineko Masisi malipo ya namna hiyo huitwa lala salama. Jambo hilo huniumiza kwa namna ya pekee. Kundi la msituni liliweza kuhesabu watu wazima wa kijiji kizima, mwezi kwa mwezi, ili liwatoze, lakini serikali iliyokuja kushirikiana nalo haikuwahi kulitaka liorodheshe bunduki zake.

Fedha hazikukosekana. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria kuwa matumizi ya kijeshi ya Kongo yalipanda kwa asilimia 105 mwaka 2023, kufikia dola milioni 794, ambalo kwa asilimia ni ongezeko kubwa kuliko la nchi yoyote duniani mwaka huo. Zikanunuliwa ndege za CH-4 zisizo na rubani kutoka China. Wakaletwa mamluki wa Romania, wakaja Warundi, wakaja askari wa SADC. Tarehe 4 Januari 2025 Masisi-centre ikaanguka. Sake ikafuata, kisha Goma mwishoni mwa mwezi. Waromania karibu 280 wakajisalimisha na kuvushwa Rwanda. Maghala ya jeshi yakaachwa yamejaa, na silaha zilizonunuliwa kwa kodi yetu zikahamia kwa adui. Machi 19 M23 wakaingia Walikale-centre. Mgodi wa bati wa Bisie, unaotoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia, ulikuwa umefungwa siku chache kabla. Mapema Aprili M23 waliondoka mjini, na jeshi likarudi pamoja na Wazalendo.

Hadi leo wananchi hawajaelezwa ni bunduki ngapi zilizopotea kati ya Sake na Goma katika wiki ile ya Januari. Nchi iliyokuwa na orodha ingeweza kutangaza namba za silaha hizo kwa majirani wote, ili zikionekana Bujumbura, Kampala au Juba zitambuliwe zimetoka wapi.

Kwa nini nang'ang'ania orodha wakati watu wanakufa? Kwa sababu tumeshaona kinachotokea bila orodha, na kilitokea Masisi. Mapema 2009 waasi wa CNDP waliingizwa jeshini kwa majuma machache tu, na makubaliano ya amani yakatiwa saini tarehe 23 Machi. Majina ya askari yaliandikwa, tena yalijazwa majina hewa ili mishahara iwe mingi. Vyeo viligawanywa. Silaha hazikukaguliwa ghala kwa ghala. Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akawa jenerali, na watu wake wakaendelea kuitawala Masisi kwa amri zao wenyewe ndani ya sare ya taifa. Aprili 2012 wakaasi. Mei mwaka huo jeshi likatangaza kuwa limekuta tani 25 za silaha zimefichwa kwenye shamba la Ntaganda, Masisi. Mfananishe na wale warithi wa Hoxha: pande zote mbili zilikuwa na ghala lililofichwa, mmoja ukalitangaza, mwingine ukaliweka kwa siku yake. Kundi lililozaliwa na uasi ule, M23, lilijipa jina la tarehe ya makubaliano yaliyovunjika, nalo ndilo lililoko Rubaya leo juu ya machimbo yanayotoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia.

Najua jibu nitakalopewa, na si jibu jepesi. Rwanda haihesabu inachowapa M23, wataambiwa wasomaji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika Julai 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kivu Kaskazini, Kigali ikakanusha. Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iondoe majeshi yake. Marufuku ya kuyapa makundi silaha ipo hadi leo na inavunjwa mchana kweupe. Kwa nini basi anayepigwa ajifunge mikono kwa madaftari?

Wanachama wa mkataba wa kemikali waliulizana swali hilo hilo: tukiteketeza zetu, jirani akificha zake, nani atatulinda? Walijibu ndani ya mkataba wenyewe. Kifungu cha kumi kinampa mwanachama anayeshambuliwa au kutishiwa kwa gesi haki ya kusaidiwa: vifaa vya kujikinga, dawa, wataalamu. Uwazi ulilipwa kwa ahadi ya ulinzi. Hicho ndicho Kinshasa ingepaswa kukidai New York mwaka 2022. Badala ya kusema tu tuondoleeni taarifa, ingesema: sisi tutaonyesha kila bunduki tunayonunua, nanyi mtupe wakaguzi watakaosimama Bunagana, Kibumba na Ngungu kuonyesha zinazoingia bila kuandikwa. Anayetuhumu wakati hesabu zake ni safi husikilizwa. Anayetuhumu huku akigawa risasi kwa kundi lililoko kwenye orodha ya vikwazo humpa mshtakiwa wake njia ya kukwepa swali, na Kigali imeitumia njia hiyo kila mara jina la FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, linapotajwa.

Hilo la FDLR nalo linatufundisha. Novemba 2023 mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Christian Tshiwewe, aliwakataza askari wote kuwa na uhusiano wowote na FDLR. Amri ilikuwa wazi. Lakini huko Masisi askari, Wazalendo na FDLR walikuwa wakishikilia mstari mmoja wa mbele, wakitumia risasi zilizotoka njia moja. Amri isiyoweza kukaguliwa ilikwenda njia ya itifaki ya Geneva. Mkataba wa Washington kati ya Kongo na Rwanda, wa tarehe 27 Juni 2025, unadai FDLR waondolewe uwezo wao wa kupigana, na Rwanda iondoe hatua zake za kijeshi. Mtu atajuaje kwamba hayo yametimizwa? Kuhesabu maiti au wafungwa hakutoshi, maana mpiganaji hubadilisha jina na kuhamia kundi la jirani. Namba iliyochongwa kwenye bunduki haibadiliki hivyo kirahisi.

Vyombo vya kazi hii tunavyo. Kongo ilitia saini itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na mkataba wa Afrika ya Kati juu ya silaha hizo uliandikwa Kinshasa kwenyewe mwaka 2010, ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Vyote vinataka bunduki za dola zipigwe chapa na kuwekwa kwenye rejista. Ipo tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kisiasa wa kuipa tume hiyo ufunguo wa maghala ya Kivu, hata pale jenerali anapokasirika. Majenerali watakasirika, kwa sababu risasi zinazouzwa msituni nyingine hutoka kwenye maghala hayo hayo, jambo ambalo wataalamu wa vikwazo wameliandika ripoti baada ya ripoti.

Mfumo wa amani uliotiwa saini Doha tarehe 15 Novemba 2025 kati ya serikali na AFC/M23, yaani M23 na muungano wake wa kisiasa, umeacha mambo ya usalama yamalizwe katika itifaki zitakazofuata. Hapo ndipo nina hofu. Mazoea yetu ya mezani ni kugawana vyeo kwanza, kisha majina ya askari, kisha kambi za kuwakusanya, na silaha kuachiwa kamanda wa kundi azilete anazozitaka, mara nyingi zile zenye kutu. Ikiwa itifaki hizo zitaandikwa kama makubaliano ya 2009, wazee wa Bashali na Osso, huko Masisi, wanaweza kutuambia mapema mwaka wa uasi unaofuata.

Serikali haina sababu ya kungoja Doha. Walikale-centre, Mubi na Itebero ziko upande wake. Wazalendo wa huko wanapokea risasi kutoka kwake. Ianze nao, kwa haki na kwa heshima: kila anayekubali kuingia jeshi la akiba aje na bunduki yake, ipigwe chapa, namba iandikwe mbele ya jina lake, naye apate mshahara, bima na matibabu kama askari, jambo analostahili tangu siku ya kwanza. Asiyefaa kwa sababu ya makosa yake, na wengine makosa yao ni ya kupelekwa mahakamani, aache silaha aende kujibu. Aliye mtoto arudi shule. Nakala ya kwanza ya orodha ibaki kwa kamanda wa eneo, ya pili iende Kinshasa kwa tume ya silaha, ya tatu kwa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, na kila miezi mitatu watu wa nje waje wafungue ghala walinganishe. Kamanda atakayeshindwa kuonyesha bunduki kwa namba zilizoandikwa asipewe sanduku jingine la risasi mpaka aonyeshe zilikokwenda.